Kiti Chenye Joto la Mtu

Enzi zetu pale Kamukuywa, bafu halikuwa na mlango wala paa. Lilikuwa nguzo chache zilizozungushiwa mabati machakavu nyuma ya jikoni, na sakafu yake ilikuwa mawe bapa yaliyotolewa mtoni. Maji ya kuoga yaliwekwa juani kwenye karai tangu asubuhi, na ukichelewa kutoka shuleni ulikuta kuku wameshakunywa na kukuachia manyoya. Ukiwa ndani ulitundika taulo juu ya bati ili watu wajue kuna mtu. Aliyekuja alipaswa kukohoa hata kama hakuona taulo. "Kohoa!" Baba alikuwa akifoka. "Ama unataka kuona nini?" Maji machafu yaliteremka hadi kwenye migomba, na ndizi za pale zilikuwa nene ajabu. Hakuna aliyependa kulifikiria sana jambo hilo wakati wa kula.

Mkuu wa bafu lile alikuwa Kukhu, mama yake Baba, aliyeishi nasi. Alitusugua kwa dodoki kavu na sabuni ya kipande mpaka ngozi ikaomba msamaha. "Shingo hii umeazima wapi?" alikuwa akiniuliza. "Mrudishie mwenyewe, ni chafu." Kisha aliniita "mume wangu", kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, nami nilitembea siku nzima nikijiona mwenye mji.

Niliridhika na mambo hayo hadi likizo moja ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipopelekwa Kitale kwa Senge, dada yake Baba. Mume wake, Anko wetu, alifanya kazi ya mbegu za mahindi, na mwajiri wake alikuwa amempeleka Japani kwa mafunzo. Watu wengine wakitoka ng'ambo walileta viatu na redio. Anko alileta kiti cha choo.

Kilikuwa cheupe, kimechomekwa kwenye stima, na pembeni kilikuwa na vitufe vyenye michoro. Ukikikalia kilikuwa na joto. Ukibonyeza kitufe kimoja kilikurushia maji ya vuguvugu mahali ambapo, kwetu, maji hayakuwahi kufika yenyewe. Kitufe kingine kilitoa sauti ya kijito. Ukutani palikuwa na shawa iliyochemsha maji papo hapo, bila kuni, bila jua, bila kuku.

Binamu yangu Brian, rika langu, alinionyesha kila kitu kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maonyesho.

"Niaje, mtu wa karai? Usiguse hiyo, bana! Ni ya watu wanajua kusoma."

"Kwani wewe unajua Kijapani?"

"Najua picha."

Nilimchukia papo hapo. Jioni nilimuuliza Anko sauti ya kijito ilikuwa ya kazi gani. Alisema kule watu huona aibu kusikika wakiwa chooni, kwa hiyo sauti ile inawafichia. Nikamuuliza wanaficha nini wakati kila mtu amewaona wakiingia. Anko alicheka tu. Ninachojua ni kwamba Wajapani walitengeneza mashine kwa sababu ya aibu ileile ambayo sisi tuliimalizia kwenye kikohozi.

Hata hivyo wivu haukutoka. Nilikaa juu ya kile kiti hata nilipokuwa sina shida, mpaka Senge akabisha: "Wekesa, umelala humo?" Niliporudi nyumbani, mabati yetu yalinitia kichefuchefu.

Desemba hiyo Senge alikuja kututembelea, akamwona Kukhu akitoka chooni akishika ukuta. Magoti yalikuwa yamemwisha. Choo chetu kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, na Baba alikuwa amemfungia kamba ya kushikilia anapoinuka. Senge alilia waziwazi mbele yetu. "Mama, twende Kitale ukae kabisa. Kule unakaa tu, kama uko kwa kanisa." Baba alitazama chini. Brian, aliyekuwa amekuja na mama yake, alininong'oneza: "Sasa huyo ni bibi yangu mimi. Wewe tafuta mwingine."

Kumbe kiti chenyewe hakikumtosha Brian. Alikuwa anachukua na Kukhu.

Palikuwa na kikwazo kimoja tu. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Senge alikuwa amepanga yote. Kukhu angelala kwenye nyumba ndogo ya nyuma, na bafu la ndani lingekuwa lake. Anko mwenyewe angetumia choo cha nje, na angekuwa anapitia upande wa ghala. Kukhu alikubali, kwa sababu magoti hayakumpa nafasi ya kubishana. Mimi nilitumwa kumbebea mkoba. Niliubeba kama mtu anayebeba jeneza.

Asubuhi ya kwanza Kukhu aliingia bafuni. Hakukaa. Alitoka akifunga leso vizuri, uso umebadilika.

"Mtu ametoka humu sasa hivi."

"Nani, Mama?" Senge aliuliza.

"Huyo baba ya watoto wako. Kiti bado ni moto."

"Mama, hiyo ni stima!"

"Stima gani iko na joto la mtu?"

Senge alichomoa waya ukutani. Wakangoja. Kisha akamwomba Kukhu aguse. Kukhu aligusa kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa.

"Si unaona? Kimepoa. Sasa amefika kazini."

Brian alitaka kusaidia. Alirudisha waya, akabonyeza kitufe ili aonyeshe kwamba ni mashine tu, na kijito kikaanza kutiririka. Kukhu aliruka nyuma, magoti na yote.

"Na huyo naye anaoga wapi?"

Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikafundishwa kupima ushahidi kabla ya kuamini kitu. Kila nikimpima Kukhu, namwona alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Kiti kilikuwa na joto, maji yalisikika, na mwanamume wa nyumba, kusema kweli, wakati ule alikuwa amejibanza nyuma ya ghala, mswaki mdomoni, akingoja mama mkwe apite. Ungefikiria nini?

Hakuna aliyemshawishi. Kesho yake tulirudi Kamukuywa, mimi na mkoba, na safari hii ulikuwa mwepesi. Brian hakuja kutuaga. Senge alisema amejifungia bafuni.

Baba alichukua kiti cha mbao cha jikoni, akakikata tundu katikati kwa msumeno, akakipiga msasa, akakiweka juu ya shimo. Kukhu alienda kukijaribu, ukoo mzima ukingoja nje. "Ni baridi!" alipaza sauti kutoka ndani, kwa furaha. "Hakuna mtu ametoka hapa!" Majirani walikuja kukipima ili nao wajitengenezee vyao. Kukhu aliishi nasi mpaka mwisho.

Siku tuliyomzika, Brian, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alikaa kando yangu kwenye nyasi. "Wewe ulikuwa na bahati, bana," alisema. "Ulikuwa naye kila siku. Mimi nilikuwa na kiti, na hata hicho stima ilikichoma." Utoto wangu wote nilidhani wivu ulikuwa unaenda upande mmoja tu.

Siku hizi watoto wa Kitale na Bungoma wanaogea ndani, wamejifungia na simu. Ukikohoa mlangoni wanadhani una kifua. Nami nimepanga nyumba pale Kanduyi, yenye shawa inayopiga shoti, na jioni naangalia kwenye mtandao mabafu ya dunia: vyoo vya kuta za vioo, vioo vinavyosoma habari, sinki zinazobadilisha rangi. Navionea wivu vyote, sikatai.

Wiki iliyopita maji yalikatika nikiwa nimejipaka sabuni mpaka machoni. Bila kufikiri nikapaza sauti, "Leteni maji!" Nikasimama nikingoja, kisha nikakumbuka kwamba naishi peke yangu. Ng'ambo ya ukuta, mtoto wa jirani alikuwa amepatwa na balaa lilelile. "Mathe, maji!" aliita. "Nakuja, wewe, wacha kelele!" mama yake akajibu, na nikasikia ndoo ikiburutwa.

Nilimwonea wivu mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.