Yai la Bibi

Harufu ya yai la kuchemsha imejaa jikoni kwa binti yangu. Mjukuu amegeuza uso, hataki. Mkono wangu umebaki hewani na kijiko.

Nilipokuwa mdogo, tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Ulezi wetu ulibaki ghalani kule tulikotoka, na ng'ombe wa maziwa walikuwa wamekufa. Tulikunywa uji wa unga wa njano wa msaada, asubuhi na jioni. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa. Miguu yake ilivimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Alilia sana, halafu akaacha hata kulia.

"Nesi kasema apewe yai," mama alimwambia bibi, mama yake baba. "Mama, nakuomba."

Kwetu mtoto ambaye hajaanza kusema hakupewa yai, eti angekuwa bubu. Na mwanamke hakuligusa kwa mdomo wake maisha yake yote.

Bibi alimtazama mtoto.

"Akiwa bubu nitamlea hivyo hivyo," akasema. "Lete."

Mama alimtia kipande cha yai mdomoni, kikadondoka. Mtoto hakuwa na nguvu ya kutafuna. Ndipo bibi akakiokota, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akafumba macho na kutafuna polepole, uso umekunjamana. Kisha akakitoa kwa kidole kikiwa kimelainika, akamwekea mtoto juu ya ulimi.

Tukainama wote watatu, bibi, mama na mimi, tukiangalia koo lake kama atameza.