Sungura wa Kidato cha Nne

Nyuma ya maabara hakusikiki tena kutafuna. Zamani, ukisimama dirishani, ulisikia meno madogo yakikata majani mchana kutwa, na sauti ya mwanamke ikiwasemesha wanyama kwa upole ambao wanafunzi wake waliuonea wivu. "Mwalimu wa baiolojia ana wakwe zake huko," walitania, wakamwita Mama Sungura.

Sungura walikuwa wa mtihani. Mada ya urithi iliwaangusha watoto kila mwaka kwa sababu walikariri tu: nyeusi hutawala, nyeupe hujificha, wajukuu watatu weusi kwa mmoja mweupe. Safari hii aliomba kibali waifanye kazi yenyewe, na alama zake ziingie katika mtihani wa mwisho. Dume jeusi likapandishwa kwa majike meupe. Wana wote wakatoka weusi tii. Wana nao wakapandishwa wenyewe kwa wenyewe, na kidato cha nne kizima kikawa kinakata majani na kusubiri wajukuu.

Wajukuu walizaliwa mkesha wa kikao cha bodi ya shule. Sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba. Asubuhi mwalimu akawaonya wanafunzi wasihesabu kitu mpaka manyoya yaote. Rangi iseme yenyewe, si kitabu.

Mchana alialikwa kula na wageni wa bodi. Nyama ilikuwa laini. Aliisifu, akaongeza kipande cha pili. Mpishi alipopita na jagi la maji akamwinamia.

"Afadhali umeipenda, mwalimu. Nilihofu utanuna."

"Ninune kwa lipi?"

"Si wale wako wa nyuma? Mkuu kasema mmeshaongea."

Akaweka uma chini. Mbele yake mkuu wa shule alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Alikitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

Mwalimu alitapika kando ya banda, mkono umeshika waya. Ndani, viota ambavyo akina mama walivitandika kwa manyoya ya vifua vyao vilikuwa vimevurugwa. Vitoto vilitapakaa kwenye mbao, baridi, na sisimizi walishafika puani.

"Punguza hasira," mkuu alimwambia ofisini. Vidole vyake bado vilinuka mafuta. "Jibu si linajulikana? Tatu kwa moja. Watoto wajaze, wewe utie sahihi. Ukikataa, watakaopata sifuri ni wao, mimi simo. Yaliyopita si ndwele."

Mavi ya kale hayanuki, aliwaza mwalimu, lakini haya bado mabichi.

Akaenda darasani kuwaeleza. Huko ndiko kinyaa kilikomkaba hasa. Kiranja alimpokea na karatasi zilizokwisha kujazwa, nadhifu, zote tatu kwa moja, hakuna hata sungura mmoja aliyepotea njia.

"Mmehesabu nini?"

"Si tunajua, mwalimu? Tumekurahisishia kazi."

"Huyo mweupe mmemwona wapi?"

"Kitabuni," alisema kiranja, na darasa likacheka, wala si kwa ubaya. "Kwani walikuwa watamu, mwalimu?"

Mwalimu alivuta kiti. Alikaa na zile karatasi hadi darasa likatoka. Akizitia sahihi, watoto wanafaulu, wanakwenda mbele na uongo wao msafi. Asipozitia, anawaharibia kwa kosa la tumbo la mtu mwingine. Na tumbo lake mwenyewe. Mwishowe alizichana, akachukua karatasi tupu, akawaandikia watu wa mitihani: "Sungura wakubwa waliliwa, vitoto vikafa kabla ya kuota manyoya. Hakuna kilichohesabiwa. Nami nilikula." Akatia sahihi.

Alama za vitendo zilifutwa. Wengi walipita kwa kuchechemea. Kiranja na wenzake kadhaa walianguka. Wazazi walikuja juu, lakini hawakumwendea mkuu. Walimwendea yeye, na mama mmoja alitema mate mbele ya viatu vyake. Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma na kuagiza soda.

Siku hizi Mama Sungura anafundisha hesabu darasa la tatu, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mbao.