Sura Aliyoivuta Babu

Kuna harufu moja ambayo hata leo ikinipitia puani hunisimamisha njiani: harufu ya tumbaku ya shamba ikiungua ndani ya karatasi ya kitabu. Msije mkadhani nasema sigara ya dukani. Ile hunuka tumbaku basi. Hii yangu ina ukali wa jani lililokaushwa na jua la kwetu Koboko, na nyuma yake kuna kitu kitamu kidogo cha wino na gundi. Ni harufu ya babu yangu.

Wazee wa kwetu walivuta hivyo. Tumbaku walilima wenyewe, taabu ilikuwa karatasi. Gazeti lina wino mwingi, linakohoza. Mfuko wa saruji ni mnene, unazima kila mara. Daftari la shule linakwaruza koo. Kitabu cha karatasi nyembamba, hapo ndipo mzee alipotabasamu. Babu, aliyekuwa askari enzi zake, aliweza kupapasa ukurasa kwa vidole viwili akakwambia utaungua vipi. Jikoni, juu ya mafiga, kilining'inia kikapu chake, na kila karatasi iliyoingia nyumbani ilitiwa humo. Hata barua, ikishasomwa mara mbili, ilikwenda kikapuni.

Lakini alikuwa na sharti lake. Hakuvuta karatasi kabla ya kuisoma. Aliushika ukurasa mbali na uso, akautazama muda mrefu, midomo ikicheza, ndipo akauchana.

"Karatasi iko na kazi yake," alikuwa akisema. "Kwanza inasema. Halafu inaungua."

Mimi nilimwona ndiye msomi mkubwa kuliko wote wa Koboko, na nilitamba kwa wenzangu kwa ajili hiyo.

Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire miaka michache tu nyuma. Vita vya sabini na tisa vilipotukimbiza kuvuka mpaka, mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo safari yenyewe siikumbuki, na nyumbani hakuna aliyeisimulia. Ukiuliza, unatumwa maji. Nikazoea kutouliza.

Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa nasoma mjini Arua, nikikaa kwa shangazi. Mwalimu wetu, Mwalimu Adiru, alikuwa na kabati moja la vitabu, na ufunguo wake aliuvaa shingoni. Vingi vilikuwa vya hesabu na kilimo. Kimoja tu kilikuwa chetu sisi vijana. Kilitoka ng'ambo, kwa Kiingereza, picha kila upande, na kilifundisha mambo ambayo hatukujua kwamba kitabu kinaweza kujishughulisha nayo: namna ya kunasa wimbo wa redioni kwenye kaseti bila kuukata kichwa, kuziba pancha ya baiskeli, kujishonea sketi, kucheza dansi kwa kufuata nyayo zilizochorwa sakafuni. Nilifanya zoezi la nyayo sebuleni kwa shangazi mpaka akaniuliza kama nimekanyaga siafu.

Tulikigombania kitabu hicho vibaya sana. Sheria ya Mwalimu ilikuwa fupi: ukikirudisha na upungufu, jina lako linafutwa, na kabati halitafunguliwa kwako mpaka umalize shule. Zamu yangu ikaangukia likizo ya Agosti. Nikakifunga kwenye leso, nikapanda lori la mizigo, nikaenda nacho Koboko nikijiona nimebeba mtoto wa mfalme.

Nyumbani niliogopa vitu viwili, mvua na mchwa. Mchwa wa kwetu hula mlango ukiwa umeuegemea. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta mahali pakavu, penye moshi wa kuwafukuza, na mahali pa namna hiyo palikuwa jikoni tu. Naomba msinicheke. Nilikitia kikapuni, juu ya mafiga.

Siku ya nne nilipokishusha nilikiona chepesi. Sura ya mwisho yote haikuwepo, kuanzia kichwa chake hadi jalada la nyuma. Ilikuwa sura ya kulala nje kwenye mahema. Nilikuwa nimeiruka, kwa maana sikuona akili ya mtu mwenye nyumba kuamua kwenda kulala porini, na sasa niliililia kama ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nililia hasa kwa ajili ya kabati. Miaka mitatu mbele yangu bila kitabu hata kimoja! Mama hakunionea huruma.

"Si wewe mwenyewe uliweka ndani ya kikapu ya Babu? Sasa unalilia nani?"

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwetu siku ile mjukuu alikuwa amekaa chini jikoni, kamasi zikimtoka.

Babu alikuja akasimama mlangoni. Msokoto wa tumbaku ulikuwa mkononi, haujawashwa bado. Aliutazama, akautia mfukoni.

"Ile ilikuwa ya mwalimu?"

"Ndiyo, Babu."

"Wacha kulia. Mimi hapana vuta kitu sijasoma. Yote iko hapa." Akajigonga kipaji cha uso. "Leta daftari."

Alasiri nne tulikaa kando ya kichanja cha tumbaku, yeye akifunga majani kwenye kamba, mimi nikiandika kwenye daftari magotini. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, nami nikakinyoosha kidogo tu, kwa haraka. Hakusita hata mara moja. Chagua mahali mbali na barabara, lakini si mbali na maji. Pika mchana, moto uwe mdogo, kuni ziwe kavu kabisa zisitoe moshi. Chumvi ifungwe kwenye kitambaa na ivaliwe mwilini, kwa kuwa mwenye chumvi hakosi rafiki katika kijiji chochote. Sufuria ibebwe na mwenye nguvu kuliko wote. Kila mkivuka mto, hesabuni watu.

Niliwastaajabia hao vijana wa ng'ambo. Taabu yote hiyo, na wanaiita mchezo!

"Babu, kwa nini wanahesabu watu?"

Alifunga jani moja kwa muda mrefu sana.

"Mutu anaweza kupotea," alisema. "Kitabu inasema hivyo."

Siku ya mwisho akaniambia: "Andika hii muzuri. Mutoto mudogo, mupe kitu ya kubeba. Hata kijiko. Akibeba kitu, hatajiona iko muzigo." Nilicheka, maana tulikuwa na kijiko kimoja cha bati kilichopinda, ambacho Mama alikataa kukitupa, na kila mtu alipokitaka aliambiwa hicho ni cha Zena. Zena ni mimi. Mama alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama akisikiliza, kisha akaingia ndani, hakutoka hata chakula cha jioni kikamngoja. Nilidhani amechoshwa na kelele zetu.

Nilichora picha mwenyewe, turubai, mafiga, mstari wa watu wenye mizigo. Nikazishona kurasa zangu ndani ya jalada kwa uzi wa gunia, nikarudi Arua.

Mwalimu Adiru alikifungua pale pale mezani. Alipofika kwenye mwandiko wangu nyusi zilipanda, nikajua jina langu linakwenda. Nikamweleza yote, kikapu, msokoto, Babu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavuta kiti akakaa. Darasa lilikuwa tupu, wenzangu wakipiga kelele uwanjani, na mimi nilisimama nikihesabu vifungo vya gauni lake. Alipomaliza alivua miwani.

"Babu yako ndiye alisoma hii?"

"Ndiyo, Mwalimu. Alisoma yote kabla ya kuvuta."

"Basi mwambie kwamba Mwalimu anasema alisoma vizuri sana."

Akachukua kalamu, akaandika namba kwenye kila ukurasa wangu, akiendeleza namba za kitabu, kana kwamba kilichapwa hivyo tangu mwanzo. Jina langu halikufutwa. Nilitoka mbio, nikacheka peke yangu mpaka kwa shangazi.

Na sura ile ilipendwa! Wenzangu walioshindwa na Kiingereza cha sura nyingine walisoma hiyo kwa sauti, wakibishana. Mwaka uliofuata kundi la wasichana na wavulana, mimi nikiwemo, tulikwenda na Mwalimu kulala kwenye shamba la kaka yake huko Manibe, na turubai moja la kuazima. Tulifunga chumvi kwenye vitambaa. Tulivuka kijito kinachofika kifundoni, tukahesabiana kwa kelele, na mdogo wake Mwalimu, mtoto wa miaka mitano, alipewa kijiko akakishika juu kama bendera. Niliporudi Koboko na kumsimulia Babu, alicheka hadi akapaliwa na moshi, kisha akaniomba nirudie pale pa kuvuka kijito. "Wote mulifika?" aliuliza. Nikamwambia wote, Babu. Akasema, "Muzuri. Muzuri sana."

Babu amekwisha kufariki. Mimi ni mtu mzima, na mwaka mmoja nilikuwa Kampala, nimeinama kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nikakiona. Jalada lile lile. Kizima, na sura ya mwisho imo. Niliisoma nimesimama. Ilisema chagua mahali penye mandhari nzuri. Ilisema usisahau gitaa. Ilisema jioni washeni moto mkubwa, mkae mkiuzunguka na kuimba, na ilikuwa na ukurasa mzima wa namna ya kuoka peremende kwenye kijiti. Chumvi haikuwemo, wala kuvuka mto, wala kuhesabu watu, wala mtoto na kijiko chake.

Babu hakujua Kiingereza. Alitazama picha tu: turubai, moto, sufuria, watoto wenye mizigo migongoni. Akazisoma kama alivyojua yeye. Safari ile ambayo hakuna aliyeweza kunisimulia, alinisimulia alasiri nne, neno kwa neno, nami niliiandika kwa mkono wangu nikidhani ni ya watu wengine. Na mtoto wa kijiko alikuwa mimi.

Nililia pale mezani, sioni haya kusema. Nililia na huku nacheka, nikikumbuka alivyouliza kama wote tulifika.

Muuzaji alidhani nabembeleza bei. "Chukua tu, mama. Kitabu kizima hicho, angalia, hakuna karatasi iliyotoka."

Nilikirudisha mezani taratibu.

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Hiki kina sura imepungua."