Mwinuko wa Kwa Asha

Harufu ya mawese yanayovuja kwenye bidoni, dumu la plastiki, bado hunichosha miguu. Siku hizi napanda pikipiki, lakini ikinifikia tu, magoti yanakumbuka njia ya Wamaza kwenda Salamabila, ambako bibi yangu aliwauzia wachimba dhahabu mafuta yetu. Nilikuwa na miaka tisa. Bidoni ndogo ilikuwa yangu, kubwa yake.

Katikati ya njia kuna mwinuko mkali uitwao Kwa Asha. Wanawake wenye mizigo hawakupita pale bila kuchuma jani bichi na kuliweka kando ya njia, juu ya lundo la majani makavu. Niliuliza Asha alikuwa nani. Mama Feza, jirani yetu aliyeolewa kutoka mbali na aliyecheka hata kwenye jua kali, alinijibu: "Asha alikuwa muvivu, mutoto wangu. Alikaa chini, akakatala kuamuka. Na weye, ukikawia, utabaki naye!"

Basi, niwaambie ukweli, nikapata mchezo. Kila safari nilitupa jani langu nikapaza sauti: "Asha muvivu, amuka twende!" Wanawake walicheka, na mzigo ukawa mwepesi kidogo. Bibi hakucheka. Alitua bidoni, akaweka jani lake taratibu, akanirekebishia kata kichwani. "Tuendelee, jua iko kali," alisema. Nilidhani amechoka tu. Sote tulichoka.

Bibi alipofariki, mimi nikiwa tayari mama wa watoto wawili, shangazi alinieleza pale matangani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kutunza siri. Asha alikuwa mdogo wa shangazi mwenyewe, kitinda mimba wa bibi, mtoto wa miaka kumi. Walikuwa wanakimbia vita. Pale mwinukoni alikaa chini, miguu imevimba, akasema hawezi tena. Bibi alimwambia amngoje, angerudi kumbeba. Aliporudi kesho yake, alimkuta amekufa. Wapita njia walibaki na jina, hadithi wakajitungia.

"Kwa nini hakumubeba siku ile ile?" niliuliza.

"Mugongoni mulikuwa mutoto mwingine, alikuwa na homa," shangazi alijibu. "Ni weye."

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, nami nimechoka nalo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimtukana mwanawe mbele yake, safari baada ya safari, na hakuninyamazisha hata mara moja. Angenikemea, ningeuliza sababu, na sababu ilikuwa mimi.