Mablanketi Manane

Pale Temeke hakuna aliyemwita kwa jina; alikuwa fundi wa mizigo, basi. Wazungu wakitaka kupanda Kilimanjaro, ni yeye aliyewafungia mahema na masufuria yao. Alfonsi mpishi, aliyekuwa aende nao safari hii, hakuchoka kumtazama. Kila mzigo ukishafungwa, yule fundi aliutia kichwani mwake mwenyewe akazunguka ua mara tatu, na ukimuuma aliufungua upya. "Atakayeubeba naye ana shingo," alinung'unika.

Asubuhi ya safari bwana mkubwa, kiongozi wa Wazungu wale, akaleta kasha la chupa nane za mvinyo, na nafasi haikuwapo. Akachomoa mablanketi manane ya mpishi na wapagazi, akayatupa mchangani. "Ninyi mmezoea baridi," akasema. Wameizoea wapi? Alfonsi kazaliwa Lindi, barafu kaisikia shuleni tu. Alijiona keshaganda huko juu. Fundi aliyaokota mablanketi, akayakung'uta moja moja, polepole mno. "Bwana, kasha hili ndilo linalokula nafasi," akasema kwa sauti ya chini, "na chupa zitavunjika njiani." Akalibomoa kasha, akaviringishia kila chupa blanketi. Bwana akaridhika, akaenda zake. Hapo ndipo fundi alipoikaza kamba kwa hasira hata ikalia. "Alfonsi," akasema bila kuinua uso, "baridi ikianza, fungua. Chupa ziache zigongane."