Baragumu la Mwaka wa Hamsini

Nakumbuka asubuhi moja mjini Ibra, Omani, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilivyokunywa kahawa kupita kiasi. Mwanangu, nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu Misri, msichana mwenye shahada na usingizi haba. Kila jambo nililigeuzageuza kama chapati, mpaka likaungua.

Mimi na mama tulikuwa tumetoka Unguja, tukapanga vyumba viwili. Babu, baba yake mama, alipohamia Unguja zamani alimwachia nduguye shamba la mitende huko Ibra, litunzwe. Sasa lilikuwa mikononi mwa mtoto wa nduguye huyo, Mjomba Seif. Mama hakutamani kitu duniani ila kujenga chumba chake mwenyewe ndani ya shamba lile, lakini kuomba akiona haya. Nikamwambia nitasema mimi.

Maana nilikuwa na hoja. Chuoni nilisoma katika habari za Mayahudi kwamba Taurati iliwaamuru wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa hamsini wapige baragumu la pembe siku yao ya toba. Ardhi ipumzike bila kulimwa, na shamba lililouzwa lirudi kwa wenyewe. Babu aliondoka yapata miaka hamsini nyuma. Au arubaini na tisa? Hata wanavyuoni wao walibishana, mwaka huo uhesabiwe peke yake au uwe wa kwanza wa duru mpya, nami nikabishana nao peke yangu jikoni.

Kwa Mjomba Seif tulipokewa vizuri. Kahawa akimimina Mzee Mabruki, aliyekuwa mtumwa wa ukoo ule tangu utotoni, hata miaka michache nyuma watumwa walipoachwa huru. Sikujua kwamba huko usipotikisa kikombe, unaongezwa. Nikanywa, akamimina, nikanywa tena kwa adabu, mpaka moyo ukaenda mbio. Mama akaninong'oneza, "Unakunywa au unakoga?"

Nikaitoa hoja yangu kwa Kiarabu, bila kupumua. Mjomba Seif, asiyejua neno la Kiswahili, alisikiliza kwa utulivu. Akauliza kama Mayahudi bado wanaushika mwaka huo. Nikakiri kwamba hapana. Wanavyuoni wao wanasema hauwalazimu mpaka taifa lote liwe limekaa katika nchi yake, kila kabila mahali pake. Kilichobaki ni mapumziko ya ardhi ya mwaka wa saba. Akauliza mwaka huo ulikuwa na nini tena. Nikasema upesi upesi, kama jambo dogo, kwamba watumwa wa taifa lao nao waliachwa huru, kila mmoja akarudi kwa jamaa zake.

Dele la kahawa likasita hewani. Mzee Mabruki akasema, kwa Kiswahili cha Mrima, pwani ya bara, kilichoshika kutu:

"Na mimi, mwanangu, baragumu likilia narudi wapi? Nakumbuka mto. Jina lake silijui."

"Kasema nini?" akauliza Mjomba Seif.

Nikatafuta maneno laini. Niliogopa nikitafsiri sawasawa shamba litatuponyoka. Mama akanitazama. "Mwambie kama alivyosema."

Nikamwambia. Mjomba Seif akainamia kikombe chake. Ndipo mama akainuka, yeye binti wa watu waliozoea kuamkiwa, akamwendea mzee yule. "Shikamoo, baba."

Mzee akalitafuta neno kama kitu alichokiweka zamani. "Marahaba."

Njiani mama hakunigombeza kwa sauti. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," alisema. "Umesoma sheria nzima, ukatuletea nusu. Ile inayotupa sisi."

Baada ya mavuno Mjomba Seif alitukatia upande wa mashariki wa shamba. Kabla hajaweka tofali la kwanza, mama alimpa Mzee Mabruki, mbele ya mashahidi, safu ya mitende ya kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia shamba, pamoja na zamu yake ya maji. Mzee akajenga hapo. Kama ilitosha, sijui. Safu ya mitende si mto. Jambo hilo naligeuza mpaka leo.

Basi, mwanangu, dai haki yako, usione haya. Lakini kabla hujafungua mdomo, mtazame anayekumiminia kahawa, ujiulize sheria unayoishika yeye inampa nini. Ukiona kimya, usiseme ameridhika.

Mwenyezi Mungu akujaalie pa kurudi, na akupe moyo wa kumpa nafasi asiye na pa kurudi. Amin.