Viti Visivyohama

Krrr.

Huo ndio mlio wa kwanza anaoukumbuka maishani mwake: miguu ya kitanda ikiburutwa juu ya sakafu ya saruji. Mama yake alikuwa mshonaji, akipanga chumba hapa, chumba pale, na kila mwenye nyumba alipochoshwa na kelele za cherehani, kitanda kililia krrr kuelekea mlangoni. Mtoto hakuambiwa kitu. Akiusikia mlio huo alivaa viatu, akakumbatia sufuria za nyumbani, akatoka nje kusubiri.

Sasa mtoto huyo ni mwalimu wa jiografia, mwanamke wa makamo, mwembamba kama ufito, na viatu vyake bado vinalala mlangoni, ncha zikitazama nje. Wanafunzi wamempa jina la Kiguu na Njia. Analijua, wala halimuudhi. Anafundisha akitembea, kutoka ubaoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi nyuma ya darasa, mkoba ukiwa begani tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtu aliyepita tu kuuliza njia. Kiti cha mwalimu katika darasa lake kina vumbi ambalo mtu angeweza kuandika juu yake. Na yupo aliyeandika: *Kipo wazi.*

Amefundisha shule nyingi. Kila moja aliipenda, na kila moja, ilipoanza kumzoea, aliomba uhamisho. Hapa pia alikuwa ameomba. Jibu lilikuja kwa simu katikati ya muhula: nafasi imepatikana, shule iko mbali, aseme ndiyo au hapana kabla ya kufunga. Alishukuru, akakata simu, akaenda kufundisha mito na mabonde. Kwa nini hakusema ndiyo papo hapo, hata yeye hakujua. Moyo ulikuwa juu juu, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Labda ni kwa sababu ya karakana.

Karakana ilikuwa jengo refu la matofali mwishoni mwa uwanja. Zamani useremala ulifundishwa humo, mpaka mwalimu wake akastaafu na hakuna aliyechukua nafasi yake. Tangu hapo lilikuwa kaburi la madawati mabovu. Wazazi walipochangia ukarabati, Mkuu wa shule alitangaza kwamba litakuwa ukumbi wa mikutano ya walimu. Kiguu na Njia, ambaye mikutanoni husimama karibu na mlango, aliinua mkono.

"Kabla hatujaamua, tuwaulize watakaolitumia."

"Watakaolitumia si sisi hapa?" akauliza Mkuu, na walimu wakacheka.

"Sisi tuna ofisi, Mkuu. Wao wana nini?"

Mkuu ni mtu mnene na mpole, asiyependa ubishi kabla ya chakula cha mchana. Akapunga mkono. "Haya, waulize. Ila wakiomba bwawa la kuogelea, utalichimba wewe."

Siku hiyo hiyo Mwalimu aliingia darasani akaandika ubaoni: *Chora mahali unapotaka kukaa.* Akawaambia kwamba karakana ni yao kuipanga, na kwamba watakachoamua ndicho atakachokipeleka kwa Mkuu, hata kama yeye mwenyewe hakipendi. Alisema hivyo kwa urahisi, kwa sababu alikuwa na hakika watapenda alichokipenda yeye. Alikuwa ametoka kwenye semina moja ambako aliona viti vyepesi vyenye magurudumu: leo duara, kesho safu, keshokutwa vikundi. Kichwani mwake karakana ilikwisha kuanza kuzunguka.

Michoro iliporudi aliipitia akitembea verandani, karatasi moja baada ya nyingine. Akagundua kuwa neno moja lilikuwa limemponyoka. Yeye alisema kukaa akiwaza kuketi. Wengine walielewa kukaa kwa maana ya kuishi, wakachora nyumba zenye vyumba na kitanda kimoja kila chumba. Mchekeshaji wa darasa alijichora kwenye kiti cha Mkuu, miguu juu ya meza, Mkuu akimletea chai. Mwalimu akacheka peke yake. Lakini wengi hawakuchora kiti wala nyumba. Walichora nyuma ya tangi la maji. Walichora pembe ya veranda, na chini ya ngazi.

Na ule wa msichana mmoja mwenye maneno mengi, waliyemwita Spika kwa kuwa hakuna hoja iliyopita darasani bila yeye kuijadili, ulikuwa ukuta mrefu, na chini ya ukuta safu ya miguu. Miguu mitupu, haina wenyewe.

"Hawa ni nani?" Mwalimu akamuuliza.

"Sisi, Mwalimu."

"Vichwa viko wapi?"

"Vichwa havina kesi. Miguu ndiyo inayofukuzwa. Tukikaa verandani, 'toeni miguu, panapigwa deki.' Tukikaa ngazini, 'toeni miguu, Mkuu anapita.' Nyuma ya tangi, 'toeni miguu, mnachafua maji.' Maji yako ndani ya tangi, miguu yetu iko nje, sijui yanachafukaje." Akavuta pumzi. "Sisi tunataka mahali ambapo mtu akikaa, amekaa. Basi."

Akikaa, amekaa. Mwalimu alitembea na maneno hayo mchana kutwa, yakimgonga kama kokoto ndani ya kiatu.

Wakaichora karakana uwanjani, kwa ukubwa wake wote, kwa chokaa ile ya kupigia mistari ya mpira. Wakaweka milango, wakaweka madirisha, wakaingia na kukaa ndani yake, wajaribu jua linapiga wapi na mlango ukifunguka utamgonga nani. Aliyekatiza bila kupita mlangoni alizomewa: "Umebomoa ukuta, fundi anakudai!" Kwa mara ya kwanza mwaka huo Kiguu na Njia alisahau kutazama saa.

Ndipo akawaeleza habari za viti vyenye magurudumu. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, akizunguka ndani ya kuta za chokaa. Alipomaliza, walitazamana.

"Mwalimu, samahani," akasema Spika. "Viti vinavyohama ndivyo vinavyochukuliwa."

"Vinachukuliwa na nani?"

Wakajibu wengi kwa pamoja. Mkutano wa wazazi, viti vinachukuliwa. Mtihani wa darasa la juu, vinachukuliwa. Wageni wakija, viti vinatangulia kuwapokea. Harusi ya mwalimu wa hesabu, vilikwenda viti vya darasa zima, vikarudi vingine na miguu mitatu, vingine vikabaki huko na maharusi.

"Tunataka benchi la saruji," Spika akamalizia. "Lizunguke kuta zote, lijengwe pamoja na ukuta. Anayelitaka achukue na ukuta."

Walicheka, lakini Mwalimu hakucheka. "Saruji ni ngumu," akasema. "Ni baridi. Na mkikosea hamwezi kubadilisha. Mtakaa hapo hapo miaka yote, mnatazama upande ule ule. Ndicho mnachotaka?"

"Tutatandika mikeka. Na tukikosea, Mwalimu, angalau tutakuwa tumekosea tukiwa tumekaa."

Wakapiga kura. Mkono wake ulikuwa peke yake hewani upande wa magurudumu. Akaushusha, akashika mkanda wa mkoba, akatoka akikanyaga mstari wa chokaa mahali pasipo na mlango. Hakuna aliyethubutu kumzomea.

Jioni, nyumbani kwao, alimkuta mama yake kwenye cherehani. Bibi huyo sasa macho yamefifia, anashona mapazia tu, mistari iliyonyooka. Mwalimu akazunguka chumbani, akasogeza kikombe, akakirudisha kilipokuwa.

"Mama, nimepata uhamisho."

"Hongera. Utatusalimia."

"Tutakwenda sote."

"Nani, mimi? Magoti yangu yameshapanga hapa. Ukitaka kunihamisha, unibebe na kitanda."

"Zamani hatukubeba. Tulikuwa tunaburuta. Mlio ule, Mama, mpaka leo ninao masikioni. Kwa nini hatukukiinua kile kitanda?"

"Kuinua kunataka watu wawili. Nilikuwa peke yangu." Akageuza kitambaa. "Ila wewe ulikuwa unanipa moyo. Sijamaliza kukisogeza, wewe umeshavaa viatu, uko nje. Nikasema, mwanangu huyu anapenda kuhama, Mungu amenipa mtoto wa kunifaa."

Mwalimu akasimama. "Sikuwa napenda. Nilikuwa naogopa utaniacha."

Cherehani ikanyamaza. Mama akageuka, macho yake mafifu yakimtafuta.

"Nani angekuacha wewe," akasema, "na sufuria zote unazo?"

Wakacheka mpaka Mwalimu akafuta machozi kwa ncha ya pazia la mtu.

Kesho yake Mwalimu alimpelekea Mkuu uamuzi wa kura. Mkuu alikwenda naye uwanjani, akaitazama karakana ya chokaa, akapita kwa uangalifu mlangoni.

"Benchi la saruji," akasema. "Sikutegemea. Linawezekana, na ni nafuu kuliko hayo magurudumu yako. Lakini niulize jambo moja. Nani atakaa nao?"

"Kukaa vipi?"

"Kukaa. Kushika ufunguo, kuwa mwenyewe wa mahali. Chumba kisicho na mwenyewe hugeuka stoo, Mwalimu. Ukiondoka, sitapata mwingine wa kusimama na watoto hawa. Madawati mabovu yatarudi, na mimi nitakuwa nimejenga benchi la kuyakalisha." Akashusha sauti. "Habari za uhamisho ninazo. Sikulaumu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini sitamwaga zege kwa neno la mtu ambaye hata mkoba hajautua. Fundi anakuja Jumatatu. Ukisema unakaa, anajenga benchi. Ukisema unakwenda, anapaka rangi na karakana inakuwa ukumbi wa walimu. Usiniambie leo. Niambie akiwa ameshika sepetu."

Siku zilizobaki Mwalimu hakulala vizuri wala hakukaa vizuri. Alishika simu ili aseme ndiyo, akaiweka. Akaishika tena ili aseme hapana, akaiweka. Alifundisha pepo za dunia akizunguka darasa mpaka mwanafunzi wa mbele akalalamika kwamba anaona kizunguzungu. Wanafunzi hawakujua lolote kuhusu uhamisho. Walikuwa wakibishana kimo cha benchi, wakipimana magoti, wafupi wakidai haki zao.

Jumatatu ikafika. Fundi alileta mchanga na kokoto, na wanafunzi wakapewa asubuhi yote kuiondolea karakana mizigo yake. Madawati mabovu yalikuwa yamenasana kama vidole vya watu wanaogombana. Wakayavuta.

Krrr.

Mwalimu alikuwa katikati ya chumba akihesabu madirisha. Krrr, upande wa kushoto. Krrr, nyuma yake, na tena, na tena, chumba kizima kikilia. Hakuamua kutoka. Alijikuta tu yuko nje, juani, mkoba umebanwa kifuani kwa mikono miwili, viatu vikitazama lango la shule. Lango lilikuwa wazi. Alitambua anavyosimama. Alikuwa anasubiri mtu atoke na kitanda.

Kelele zikaisha. Hakuna aliyetoka.

Kivulini, Mkuu alikuwa ameegemea mifuko ya saruji. Fundi, mtu wa mzaha, alishika sepetu kama mkuki.

"Mama Mwalimu, nichanganye zege au nikachukue brashi ya rangi? Mkuu anasema nikuulize wewe. Mimi mwenzako nimeshakunywa chai, sina kingine cha kunichelewesha."

Mwalimu alirudi hadi mlangoni, akachungulia ndani.

Karakana ilikuwa tupu na ilionekana kubwa kuliko alivyoifahamu. Kando ya ukuta Fundi alikuwa amepanga matofali makavu, bila udongo, kuonyesha benchi litakapopita. Wanafunzi, wamechoka, nywele zimejaa utando wa buibui, walikuwa wamekwisha kukaa juu yake, ukuta mzima, bega kwa bega. Miguu yao ilikuwa imenyooshwa mbele, mirefu na mifupi, yenye vumbi, kama ilivyokuwa kwenye ule mchoro. Ila sasa ilikuwa na wenyewe.

Walipomwona, miguu yote ilirudi nyuma mara moja. Hakuna aliyewaamuru. Ilikuwa mazoea tu.

"Tunapumzika kidogo, Mwalimu," akasema Spika haraka. "Tunaondoka sasa hivi."

"Kaeni."

Aliupita uwazi wa chumba, mara hii polepole. Nyuma yake alisikia viatu vizito vya Mkuu vikifika mlangoni na kusimama, na Fundi akikohoa. Hakugeuka. Akautoa mkoba begani. Kitambaa cha gauni hapo kilikuwa kimechakaa, rangi imepauka kwa kusuguliwa na mkanda. Akauweka sakafuni, ukutani, mbali na mlango. Hapakuwa na nafasi kwenye matofali. Spika akamtazama, hajui amekosea nini.

Mwalimu akainama kidogo, na wale wawili watatu wa karibu tu ndio waliomsikia.

"Sogeeni, wanangu," akasema. "Nami nikae."